Kisa cha Marquette: mtego wa picha za utupu Instagram na mahali unapokatika

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 25 Machi 2022, kijana wa miaka 17 katika mji wa Marquette, jimbo la Michigan nchini Marekani, alikuwa akichati Instagram na akaunti iliyoitwa Dani Robertts. Picha za akaunti zilikuwa za msichana. Soga likawa la kimapenzi, "msichana" akaomba picha ya utupu, kijana akatuma. Hapo hapo lugha ikageuka: toa fedha, la sivyo picha inakwenda kwa wazazi, marafiki na wanafunzi wenzako. Akatoa dola 300. Wakataka zaidi. Alipowaambia kwamba ameishiwa na kwamba anafikiria kujiua, walimhimiza afanye hivyo upesi. Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshafariki. Kati ya ujumbe wa kwanza na kifo chake hazikutimia saa sita.

Hapakuwa na Dani yeyote. Waliokuwa wakiandika ni ndugu wawili wa Lagos, Nigeria: Samuel Ogoshi na mdogo wake Samson. Wapelelezi wa ofisi ya sherifu ya Marquette waliidai Instagram kumbukumbu za akaunti kwa amri ya mahakama, anwani za IP (namba zinazotambulisha kifaa kwenye intaneti) zikawapeleka Nigeria, na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikaingia. Ndugu hao walisafirishwa hadi Marekani Agosti 2023, wakakiri kosa Aprili 2024 la kula njama ya kuwanyonya watoto kingono, na tarehe 5 Septemba 2024 kila mmoja akahukumiwa miezi 210, yaani miaka 17 na nusu. Uchunguzi uliwahesabia waathirika zaidi ya 100, wakiwemo watoto wasiopungua 11. Kwenye simu ya Samuel ilionekana kwamba baada ya kifo kile alikuwa ametafuta Google habari za kujiua Michigan, na pia jinsi FBI inavyoweza kufuatilia anwani ya IP iliyo nchi nyingine. Kwa hiyo alijua.

Wazazi wa kijana wamelitaja jina lake hadharani kwa hiari yao ili kuwaonya wengine. Hapa hatulihitaji. Tunachochambua ni namna mtego ulivyotegwa, hatua kwa hatua, kwa sababu mtego huo huo unatumika leo kwa watoto wanaochati kwa Kiingereza na Kiswahili Nairobi, Arusha na Kampala, na karibu kila hatua yake ina mahali pa kukatika.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huanzia kwenye picha. Kilianzia nyuma zaidi, kwenye akaunti. Ndugu wale walinunua akaunti zilizodukuliwa, za watu halisi, kisha wakazibadilisha ziwe za wasichana. Tofauti ni kubwa. Akaunti iliyofunguliwa wiki iliyopita, yenye posti tatu na wafuasi 12, kijana wa leo ataitambua na kuipita. Akaunti iliyoibwa ina miaka mgongoni, ina wafuasi wa kweli na maoni ya zamani chini ya picha. Ndiyo maana ule ushauri wa "angalia kama ni feki" una nguvu ndogo kuliko tunavyoupa. Instagram ina sehemu ya kuona habari za akaunti: ukifungua ukurasa wa mtu na kugusa jina lake au vile vidoti vitatu, kwa akaunti nyingi utaona ilifunguliwa lini, imebadilisha jina mara ngapi na iko nchi gani. Msichana anayedai kusoma shule ya jirani, na akaunti imebadilisha jina mara nne, anaweza kukataliwa bila kusita. Lakini kipimo hiki kitumike kukataa tu, kisitumike kukubali. Nchi hufichwa kwa VPN, programu inayoficha mtu yuko wapi, na mtapeli mvumilivu hununua akaunti safi. Hata simu ya video si ushahidi: hurushwa video iliyorekodiwa zamani, sauti ikizimwa kwa kisingizio cha mtandao mbovu.

Kinachofuata ni marafiki wa pamoja. Mtapeli huchagua shule moja au timu moja na kutuma maombi kwa wanafunzi 50 au 60 kwa mpigo. Wachache hukubali bila kufikiri, na hao ndio wanaokuwa chambo kwa waliobaki, kwa sababu wa 20 akifungua ombi anaona "unafuatwa na fulani na fulani", wote wa darasa lake. Mtoto aelezwe hivi: marafiki 14 wa pamoja hawana maana kwamba watu 14 wanamjua, maana yake ni kwamba watu 14 walibonyeza kukubali.

Kisha unakuja utafiti. Waendesha mashtaka walieleza kwamba kina Ogoshi walikuwa wakipekua mtandaoni mwathirika anaishi wapi, anasoma wapi, anafanya kazi wapi, ndugu na marafiki zake ni nani. Walipopata picha ya utupu waliiunganisha na picha nyingine za mwathirika, za shule, familia na marafiki zake, zikawa bango moja. Bango hilo ndilo silaha. Picha ya mwili peke yake, isiyo na jina, haina bei. Ikiwekwa kando ya nembo ya shule na uso wa mama, ina bei. Na vipande vyote vya bango, isipokuwa kimoja, mtapeli hapewi na mwathirika usiku ule. Vilikuwa wazi tayari: jina la shule kwenye wasifu, jezi yenye namba, mama aliyetagiwa siku ya kuzaliwa, na zaidi ya vyote, orodha ya wafuasi.

Orodha hiyo inastahili kutazamwa peke yake. Kijana wa Marquette hakuwa mpweke wala aliyetengwa. Alikuwa mwanamichezo anayependwa shuleni kwao. Tumezoea kuwahofia watoto wakimya wanaojifungia chumbani. Kwa utapeli huu mwelekeo unageuka: mwenye wafuasi wengi, jina shuleni na kitu cha kupoteza ndiye anayebanika zaidi. FBI wanasema wanaolengwa zaidi ni wavulana wa miaka 14 hadi 17. Kati ya Oktoba 2021 na Machi 2023, FBI na idara ya uchunguzi ya usalama wa ndani ya Marekani walipokea ripoti zaidi ya 13,000 za watoto kudaiwa fedha kwa njia hii, waathirika wasiopungua 12,600, wengi wao wavulana, na vifo vya kujiua visivyopungua 20. Familia nyingi bado zinampa binti mahubiri ya usalama mtandaoni na kumwachia kaka yake simu bila neno. Pengo hilo matapeli wanalijua.

Baada ya picha kutumwa, kinachofanya kazi ni saa. Ujumbe huja mfululizo, kila sekunde chache: una dakika tano, nahesabu, kumi, tisa, nane. Huambatana na picha ya skrini inayoonyesha majina ya mama, kocha na shangazi yakiwa yameshachaguliwa, kidole kimebaki kwenye kitufe cha kutuma. Lengo ni moja, kijana asipate nafasi ya kuinuka kitandani na kwenda chumba cha pili. Na muda wa shambulio ni usiku, wakati nyumba imelala.

Je, kulipa kunasaidia? Dola 300 za Marquette hazikununua hata utulivu wa usiku mmoja. Sababu iko kwenye hesabu ya mtapeli mwenyewe. Dai la kwanza ni kipimo: asiyelipa anaonyesha kwamba huenda hana au haogopi, na mtapeli ana wengine kumi kwenye simu ile ile, anayelipa anathibitisha kwamba ana fedha, ana hofu na yuko peke yake. Kwa hiyo anayelipa huongezewa dai. Kuna ubaya mwingine: aliyetoa akiba yake au kuchukua fedha za ada sasa ana siri mbili za kumficha mzazi.

Njia ya fedha nayo ieleweke. Katika mashtaka tofauti yanayohusiana na kisa hiki, waendesha mashtaka wa Michigan walieleza kwamba watu waliokuwa ndani ya Marekani walipokea malipo kwa Apple Pay, Cash App na Zelle, wakabaki na takriban asilimia 20, na kilichobaki kikageuzwa bitcoin na kutumwa Nigeria. Kwetu kazi hiyo inafanywa na laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kwa hiyo jina linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money lisichukuliwe kuwa la mtapeli, na familia isikimbilie kumwanika mwenye jina hilo Facebook. Lihifadhiwe kwa polisi. Kwao lina thamani.

Sasa, wapi pa kukata?

Pa kwanza ni pa kuchosha lakini ndipo penye faida kubwa: mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye akaunti. Tangu Septemba 2024 Instagram imeanza kuwaweka wenye umri chini ya miaka 18 kwenye akaunti za vijana, na Januari 2025 mpango huo ukaanza kusambazwa nchi nyingine duniani. Akaunti hiyo ni ya faragha yenyewe bila kuambiwa, haipokei ujumbe kutoka kwa wasiofuatana na mwenyewe, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza masharti bila ruhusa ya mzazi. Picha za utupu kwenye inboksi hufunikwa ukungu, na anayetaka kutuma hupewa onyo kwanza. TikTok nao hawampi aliye chini ya miaka 16 ujumbe wa binafsi kabisa. Yote haya yanategemea tarakimu nne. Mtoto aliyejisajili akiwa na miaka 11 akajiandika amezaliwa 1999, au anayetumia akaunti aliyofunguliwa na mjomba kwa tarehe ya mjomba, mtandao unamhesabu mtu mzima na ulinzi wote unampita. Fungueni pamoja sehemu ya taarifa binafsi kwenye mipangilio, msome tarehe iliyomo. Isahihisheni hapo hapo, hata kama mtoto atanuna.

Pa pili, orodha. Akaunti ikiwa ya faragha, mgeni haoni wafuasi wala unaowafuata. Facebook ina mpangilio wake wa nani aone orodha ya marafiki. Iwekwe "mimi tu". Watoto wengi wa Afrika Mashariki wana Facebook waliyoiacha miaka mitatu iliyopita, iko wazi mlango na dirisha, ina jina la kijiji, shule ya msingi na shangazi wote. Mtapeli wa Instagram huenda kuchota huko. Kisha punguzeni wafuasi: kijana mwenye wafuasi 1,800 apitie orodha na kuwatoa asiowafahamu kwa sura. Kumtoa mfuasi Instagram hakumtumii taarifa yoyote, jambo ambalo vijana wengi hawalijui na linawaondolea aibu ya kufanya hivyo.

Pa tatu ni kuhamishwa. Instagram humruhusu mgeni ujumbe mmoja tu wa maandishi hadi ombi lake likubaliwe, picha haipiti. Ndiyo maana mtapeli hufanya haraka kuomba mfuatane, au kuhamia Snapchat, Telegram au WhatsApp. "Huku Insta siingii sana, nipe namba yako." Kanuni rahisi ya nyumbani: mtu ambaye hamjawahi kuonana hapewi namba wala hafuatwi kwenye programu ya pili. Kuhusu picha zinazofutika zenyewe, zisitajwe kama usalama. Simu ya pili ikishikwa mbele ya skrini inapiga picha ya chochote.

Uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nenosiri pamoja na msimbo wa ziada, pia uwashwe, ingawa hapa anayelindwa kwanza ni mtu mwingine. Akaunti ya Dani iliibwa kwa mtu fulani. Kila akaunti ya kijana isiyo na ulinzi huo ni bidhaa inayosubiri mnunuzi, na wa kwanza kulengwa kwa akaunti ya dada aliyedukuliwa ni marafiki wa dada.

Mipangilio hii yote, hata hivyo, ingeweza kuwekwa Marquette na bado kijana akateleza. Hakuna kitufe kinachozuia moyo wa mtu wa miaka 17. Kwa hiyo pa nne ndipo penye uzito wote, na hapako kwenye simu: ni kama kijana anaamini kwamba anaweza kumwamsha mtu mzima saa nane za usiku na kusema "nimetuma picha ya utupu" bila nyumba kuwaka moto. Nyumba nyingi zimeshamjibu swali hilo bila kujua. Kila tulipomwambia "siku nikikuta upuuzi kwenye simu hii, utaisahau simu", tulimwambia pia kwamba siku akitishiwa asije kwetu. Shule za bweni zina tatizo lile lile mara mbili: mwanafunzi mwenye simu ya kificho akitishiwa usiku, kumwendea patroni ni kujiripoti mwenyewe kwa kosa la kufukuzwa. Shule inayotaka kuokoa maisha itangaze wazi kwamba anayekuja kusema anatishiwa hataulizwa simu aliipata wapi. Utawala mwingi hautapenda. Wapime wenyewe kipi kizito.

Maneno ya kusema nyumbani yawe machache na yasemwe kabla, siku ya kawaida, mkiwa mnafua au mko kwenye daladala. Kwa mfano: "Kuna watu wanajifanya wasichana, wanaomba picha za utupu halafu wanadai hela. Wamewanasa watoto wenye akili kuliko mimi na wewe. Ikikutokea, hata kama picha umetuma mwenyewe, niamshe. Sitakupiga, sitakunyang'anya simu usiku huo, na sitamwambia baba yako mdogo wala mtu yeyote bila kukuuliza. Tutalimaliza." Ahadi ya mwisho watu huidharau, nayo ndiyo nzito. Kwenye ukoo mkubwa, hofu ya mtoto si mama kujua. Ni mama kuwapigia simu mashangazi.

Na ikitokea? Mpangilio wa hatua una maana, kwa sababu hatua moja ikitangulia nyingine huharibu.

Kwanza, mawasiliano yakome. Hakuna jibu, hakuna kubembeleza, hakuna "nipe hadi kesho", hakuna matusi. Kila jibu linamwambia mtapeli kwamba samaki bado yuko kwenye ndoano. Hakuna kulipa, na kama malipo yameshatoka, hakuna ya pili. Mpigie mtoa huduma ya fedha dakika hiyo hiyo. Kenya, ujumbe wa muamala wa M-Pesa hutumwa kwenda 456 kuomba urejeshwe. Fedha zikiwa zimeshatolewa kwa wakala hazirudi, lakini kumbukumbu ya ombi inabaki. Kama walidai kadi za zawadi, tunzeni kadi na risiti.

Pili, ushahidi, kabla ya kumzuia na kabla ya kufuta chochote. Hapa ndipo familia nyingi hukosea: kijana kwa aibu anafuta soga lote, au anafuta akaunti nzima, na asubuhi polisi hawana pa kuanzia. Chukueni picha za skrini za jina la mtumiaji kama lilivyoandikwa (Dani Robertts iliandikwa kwa t mbili, herufi moja ni akaunti nyingine), za kiungo cha ukurasa wake, za vitisho vyote vikionyesha saa, na za namba au anwani ya malipo. Snapchat humtaarifu mwenzako ukipiga picha ya skrini, na Instagram hufanya hivyo kwenye ujumbe unaofutika. Hapo tumieni simu ya mzazi kupiga picha skrini ya kijana. Jambo moja lisifanyike: picha yenyewe ya utupu isipigwe nakala, isitumwe kwenye simu ya baba, isipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wala kwa mwalimu "aone ushahidi". Ni picha ya ngono ya mtoto, na kuisambaza ni kosa la jinai hata kwa nia njema. Ibaki ilipo, simu ipelekwe polisi na soga likiwa ndani.

Tatu, ripotini akaunti ndani ya programu yenyewe, mkichagua sababu inayohusu kutishiwa kwa picha za utupu au kunyonywa kwa mtoto, si "taka" wala "sijapenda". Ripoti ya taka hupanga foleni nyingine. Baada ya kuripoti, ndipo azuiwe. Akaunti ya kijana isifutwe. Izimwe kwa muda kama anaogopa ujumbe mpya, kwa kuwa iliyozimwa inaweza kurudishwa pamoja na soga zake.

Nne, huduma ya Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na kunyonywa, NCMEC, kwenye takeitdown.ncmec.org. Ni bure, inatumika duniani kote, haihitaji jina wala barua pepe, na ni kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Kijana anachagua picha iliyoko kwenye simu yake. Simu yenyewe inaikokotoa kuwa alama ya tarakimu na herufi, na alama hiyo tu ndiyo inayoondoka. Picha haiendi popote. Kampuni zinazoshiriki, zikiwemo Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat, hulinganisha alama hiyo na kinachopakiwa kwao. Ina mipaka miwili ya kujua. Haifiki ndani ya soga zilizofungwa kwa usimbaji, kama WhatsApp. Na picha ikikatwa pembeni au kuwekewa maandishi, inakuwa na alama nyingine. Kumbukeni bango la kina Ogoshi: kama mtapeli amemtumia kijana bango na tayari liko kwenye simu yake, liingizwe nalo pamoja na picha ya awali, kila moja kivyake. Aliyetimiza 18 wakati picha inapigwa anatumia StopNCII.org, inayofanya kazi kwa namna ile ile. Picha iliyotengenezwa kwa akili unde, uso wa mtoto juu ya mwili wa mwingine, nayo inapokelewa, watoto ambao hawajawahi kutuma chochote sasa wanatishiwa kwa hizo, na mzazi anayeng'ang'ania "lakini ulituma nini?" anapoteza muda.

Tano, watu. Tanzania, kila kituo kikubwa cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya msaada kwa mtoto ni 116. Namba hiyo hiyo, bure, inatumika Kenya na Uganda. Kenya, makosa ya aina hii yana kitengo chake cha ulinzi wa watoto ndani ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Ripotini mapema hata kama mnaamini mtapeli yuko nje ya nchi, kwa sababu ya jambo la kiufundi: polisi wanaweza kuiomba Meta, kampuni yenye Instagram na Facebook, ihifadhi kumbukumbu za akaunti kwa siku 90 wakati wanatafuta amri rasmi. Mkingoja mwezi, akaunti inaweza kuwa imefutwa na hakuna cha kuhifadhi. Kesi ya Marquette ilifika Lagos kwa kumbukumbu za namna hiyo.

Wakati hatua hizi zinafanyika, mtu mmoja mzima awe na kazi moja tu: kukaa na kijana. Asiachwe peke yake usiku huo, wala "apumzike" chumbani na mlango umefungwa. Aulizwe moja kwa moja, kwa sauti ya kawaida, kama amefikiria kujiua au kujidhuru. Swali hilo halimpandikizii wazo. Linampa ruhusa ya kulisema. Akisema ndiyo, au akikwepa, asiachwe, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali iliyo karibu usiku huo huo. Akisema hapana, bado lala chumba kimoja naye. Mahojiano ya "kwa nini ulifanya hivi" yasubiri hata wiki.

Siku mbili tatu zinazofuata zina fujo yake. Akaunti mpya zitajaribu kumfikia, pengine kwa jina la polisi au la "meneja wa Instagram". Zisijibiwe, ziripotiwe na kuzuiwa. Mara nyingi picha haitumwi kwa yeyote, kwa kuwa mtapeli aliyetuma hana tena cha kuuza na akaunti yake iko hatarini kufungwa. Lakini wakati mwingine hutumwa, na familia ijiandae kwa hilo bila kujidanganya. Kinachosaidia ni ujumbe mfupi wa kijana mwenyewe kwa marafiki wa karibu, usioeleza mengi: "Kuna tapeli anasambaza picha zangu. Ukipata chochote usifungue, usitume kwa mtu, ripoti akaunti ufute." Waliopokea wengi hutii, na mtapeli anapoteza kitisho alichobaki nacho. Mwalimu mkuu aambiwe na mzazi, si na tetesi, na aombwe jambo moja mahususi: atakayekutwa akisambaza ndiye aadhibiwe.

Kundi la mwisho la kukaa nalo macho ni wanaojitokeza baada ya hapo wakiahidi "kufuta picha zako mtandaoni" au "kumdukua tapeli" kwa ada. Mwaka 2023 FBI walitoa onyo kuhusu kampuni zinazowatoza waathirika maelfu ya dola kwa kazi ambayo polisi na NCMEC huifanya bure. Kwetu huonekana kwenye maoni chini ya posti za waathirika, na namba ya WhatsApp na ushuhuda wa watu watatu waliosaidiwa. Wanaanza kwa kuomba malipo ya awali, kisha wanaomba nenosiri la akaunti, kisha wanaomba waione hiyo picha.